Aliyeitika Jina la Mashambo

Wamehadithia waliotutangulia katika imani, ndugu wapendwa, kwamba zama za vita vile vikuu vya Wadachi na Waingereza, alikuwako katika milima ya Upare mwalimu wa kanisa aliyeitwa Elieza, mtu mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimbia na mikono mibaya ya kulimia. Mkewe aliitwa Namkunda. Walikuwa wameoana miaka mitatu, na Mwenyezi Mungu alikuwa hajawajalia mtoto, ila walipendana hata majirani wakawacheka.

Huko Upareni iko desturi ya msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Nyumba yenye msiba haiachwi iaibike: jirani huisimamia, na majina yanapoitwa yeye huitika jina la nyumba ile, wala hapana aonaye kuwa ni uongo. Siku zake zikitimia, mwenyewe huja kumpokea.

Basi siku moja baragumu likalia kwa amri ya serikali, kila nyumba itoe mtu wa kubeba mizigo ya vita. Walimu wa kanisa walisamehewa. Jirani yao Mashambo hakusamehewa. Huyu hakuwa Mkristo, tena alikuwa hodari wa kumdhihaki Elieza kwa ile kengele yake ya alfajiri. Naye alikuwa amemzika mkewe juma lililotangulia, akaachiwa kichanga cha kike cha miezi miwili.

Elieza akakunja blanketi lake. "Nakwenda kuisimamia nyumba ya Mashambo," akasema.

Namkunda akamshika mkono. "Na nyumba yako ataisimamia nani?"

"Ni msaragambo, mke wangu. Mahindi yakikomaa atakuja kunipokea. Mtoto yule amekwisha kumkosa mama. Akimkosa na baba, atabaki na nani? Bwana wetu hakuuliza kwanza kama tulistahili."

Hapo ndipo walipokosea wote, Elieza na Mashambo, hata jumbe aliyewakubalia. Walidhani vita ni mfereji, watu hupokezana jembe na jioni wakarudi kula.

Namkunda akambeba yule mtoto mgongoni, akamlea kwa maziwa ya mbuzi, maana baba mtu alikuwa shambani kutwa. Kanisani alikaa karibu na mlango, kwa kuwa mzee aliyeshika nafasi ya mumewe aliimba vibaya, na kila wimbo ulimzidishia upweke. Alimtamani mumewe kwa mwili na roho, wala hakuona haya kumweleza Mungu hivyo. Akimwona Mashambo anapalilia, moyo ulimwuma: huyu yupo, wangu hayupo.

Mahindi yakakomaa. Mashambo, pamoja na dhihaka zake zote, alikuwa mtu wa neno lake. Akamwachia Namkunda mtoto, akashuka mlima kwenda kwenye kambi kuu ya wapagazi, mwendo wa siku kumi na mbili, akampokee aliyemsimamia. Namkunda akafagia ua kila siku. Alikuwa na hakika.

Mwezi haujatimia, asubuhi moja akaona moshi nyumbani kwa Mashambo. Akangoja aje kumtazama mwanawe. Hakuja siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu Namkunda akamfunga mtoto mgongoni, akaenda mwenyewe.

"Umerudi, shemeji."

"Nimerudi."

"Hawakukupokea?"

Mashambo aliinama asimtazame. "Nilitaka kukuambia yu hai, shemeji. Njia nzima nilikuwa nikiutunga uongo huo. Umenishinda."

Akamweleza. Karani wa kambi alifungua daftari, akamwambia kwamba yeye hawezi kuwa Mashambo. Mashambo alikufa kwa kuhara damu, amezikwa ng'ambo ya Rufiji. Mpagazi mmoja Mpare, aliyerudishwa kwa ugonjwa, ndiye aliyemsimulia mengine. Wenzake walimsihi Elieza mara mbili amwambie afisa kwamba yeye ni mwalimu wa kanisa, apate kuachiliwa. Akawajibu, "Wakijua, watamfuata mwenye jina. Ana mtoto." Hata homa ilipompanda akawa hajui alipo, akiitwa Mashambo aliitika.

"Kwenye mti wa kaburi wamepigilia kibati chenye jina langu," akasema Mashambo. "Mimi mzima nina kaburi, shemeji. Yeye hana."

Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Najua huwezi tena kumtazama."

Wasimulizi hawakuficha: Namkunda alitamani kumweka chini mtoto yule asimguse tena maishani. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mtoto akalia naye. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Hajanywa maziwa yake ya mchana," akasema. "Yako kwangu. Twende, utanieleza tena tangu mwanzo."

Akamlea mtoto yule akawa mtu mzima. Hakuolewa tena. Binti alipokwisha kuwa na watoto wake, alimwuliza, "Mama, ulimsamehe baba lini?"

Bibi Namkunda akajibu, "Kumsamehe nilimaliza siku ile ile, tulipofika nyumbani. Kumtamani mume wangu ndiko sijamaliza hata leo."

Ndugu wapendwa, tukihubiri juu ya upendo wa kujitoa tunamtaja Elieza, na ni haki yake. Lakini msiende kwa mfiwa mkamwambia kwamba imani itamwondolea hamu ya aliyekwenda. Mjane huyu aliamini mpaka mwisho, na mpaka mwisho alikuwa akimngoja mumewe.