Kisima Alichochimba Dubu

Paukwa!

Pakawa.

Aa, mmeitika kivivu. Paukwa tena!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, kale kabisa, wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi. Mto ukikauka, walichimba kisima kwenye mchanga wake. Kila mmoja alitia kwato zake. Asiyechimba alingoja mpaka wachimbaji wote na jamaa zao wakate kiu. Ndiyo sheria yao.

Mwaka huo walikuwa wamekwisha kumfukuza Simba, aliyewatawala kwa makucha. Mto ukakauka. Akaja mgeni kutoka ng'ambo, Dubu, mnene, mpole, manyoya tele.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi si Simba. Sina ubabe. Mmechoka nyinyi. Lalani kivulini, nitawachimbia."

Wakashangilia, we! Nyati, mkuu wao, akamkumbatia.

Swala peke yake, mwenye mtoto anyonyaye, akasema, "Mzee Nyati, tuchimbe naye. Japo kidogo."

"Ebo! Mgeni kajitolea, wewe unataka kumwaibisha? Hebu tuache tupumzike!"

Swala akaona haya, akarudi kivulini. Wakalala. Dubu akachimba, chaku, chaku, chaku, siku tatu. Maji hayo! Wakayakimbilia. Dubu akasimama mbele yao.

"Ngojeni. Nani amechimba?"

Wakasukumana kando ya maji.

"Nani amechimba?"

"Wewe," akajibu Nyati.

"Basi nitakunywa mimi na ndugu zangu wanaokuja. Tukishiba, mtakunywa. Sheria ni yenu, sikuitunga mimi."

Wote wakamtazama Nyati. Nyati akatazama chini. Dubu hakusema uongo.

Wakaja dubu kumi, wakaja ishirini. Gugu, gugu, gugu, wakanywa. Maziwa ya Swala yakakauka. Akaenda pembeni, akaanza kuchimba peke yake, kwato zikatoka damu. Mtoto alilia, alilia, kisha akaacha kulia. Jamani, akaacha kulia.

Swala hakuacha kuchimba. Nyati akamjia polepole, wenzake nyuma yake.

"Mama, nimekuja kuchimba."

"Chimba, Mzee. Mwanangu hatakunywa. Lakini chimba."

Nawaambieni wazi, wakubwa kwa wadogo: rafiki mpya si lazima awe mwizi. Ila ukimwachia kazi yote, umemwachia na mali. Mgeni mpokeeni, kisha chimbeni naye.

Hadithi yangu naiachia hapo. Haya, inukeni.