Tasnifu Isiyo na Ukurasa wa Mwisho

Jamani, kabla sijaingia kwenye maneno mazito, niwape kisa kidogo. Ni cha kutunga, msije mkaanza kuulizana ni chuo gani.

Alikuwapo mwanamke mmoja, mwalimu wa sekondari, mtu mzima mwenzetu, aliyerudi chuo kikuu kusomea shahada ya pili ya uchumi. Ruhusa yake kazini ilikuwa inaisha mwezi ule ule wa kutetea tasnifu yake. Asipofaulu, anarudi mikono mitupu, na miaka miwili aliyowaacha wanawe kwa dada yake imekwenda bure. Swali lake lilikuwa moja tu: kwa nini mjini kwao unga unapanda bei na huku maghala yamejaa? Nyie mnaokula ugali, swali la maana hilo au si la maana?

Basi akazunguka sokoni miezi sita, daftari mkononi, akiwauliza wenye mashine za kusaga na akina mama wanaouza kwa vibaba. Akakuta mambo mawili. Kweli mvua ilikuwa chache, watu wakaingiwa na hofu, wakanunua kwa wingi, bei ikapanda. Lakini pia wenye maghala walikuwa wameshikana, wakaambiana, "Tusifungue kwanza." Akaandika yote mawili. Na wataalamu waliomsaidia kuelewa akawataja kwenye orodha inayokaa ukurasa wa mwisho wa tasnifu.

Sasa uchumi nao una madhehebu, mlikuwa hamjui? Katika idara ile kulikuwa na maprofesa wawili. Wa kwanza ni wa soko: liacheni soko, litajipanga lenyewe. Wa pili ni wa wenye nguvu: tazameni kwanza nani kashika ufunguo wa ghala. Ofisi zao zinatazamana, na salamu hawapeani! Na desturi ya idara nzima ilikuwa kuisoma tasnifu kuanzia nyuma, kwenye majina, wajue kwanza wewe ni mtu wa nani.

Profesa wa soko ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Sura zenyewe hakuzifungua. Akashika kalamu nyekundu. "Huyu si mwanauchumi. Na huyu. Na huyu jirani yangu wa mlango wa pili ndiyo kabisa! Futa, mama, upate shahada yako uende."

"Lakini Profesa, alichosema ndicho nilichokikuta maghalani."

"Futa."

Akavuka, akagonga mlango wa pili. Yule naye akafungua wapi? Nyuma! Akawafuta wale waliosalia. Masikini mama wa watu, akiitazama orodha yake, imebaki kamusi peke yake.

Alilia? Alilia, kwa nini niwadanganye. Kisha akanawa uso. "Sifuti hata jina moja," akasema. "Miezi sita nimekula vumbi la mashine. Nilichokiona nimekiona."

Wiki moja kabla ya siku ya kutetea, akapeleka nakala kwa jopo: maprofesa wale wawili, na mwenyekiti kutoka chuo kingine. Wakafunua nyuma. Ala! Orodha haipo, na ndani kila jina limekuwa namba. "Orodha ninayo," akamwambia mwenyekiti, "nitaitoa wakishasoma." Mwenyekiti akaridhia. Wakaanza ukurasa wa kwanza, hawana ujanja.

Siku ikafika. Kufaulu kulitaka sahihi mbili kati ya tatu. Profesa wa soko akasema, "Sura hii ya maghala umepiga penyewe. Namba saba ni nani? Huyu ndiye mtu!"

"Ni huyo uliyekaa naye, Profesa."

Akavua miwani, akaivaa tena. Halafu, wallahi, akasema, "Kama ni huyu, basi si kweli."

Mnacheka! Chekeni. Mama hakucheka. Mwenyekiti alitia sahihi, wa soko akaisukuma karatasi mbali, ikabaki sahihi ya profesa wa pili. Naye alikuwa ameshaisifu sura ya hofu ya wanunuzi, na orodha ilipotolewa, kumbe hoja ni ya huyo wa soko. Mama akamsimamia pale pale, hakuketi. "Na wewe, Profesa?"

Mzee akashusha pumzi. "Mama, masikio yangu yameshasikia ukweli. Nitayaziba na nini sasa?" Akatia sahihi.

Sasa turudi kwetu sisi. Sisi hatuna kalamu nyekundu? Mtu akija na neno, tunauliza nini kwanza? Kasoma wapi? Akiswali anaweka wapi mikono? Jibu lisipotupendeza, neno lake tumeshalizika. Sisemi mkubali kila kitu! Yule mama hakuandika kila alichoambiwa, alikwenda sokoni akapima. Pimeni. Lakini pimeni neno, msipime kilemba.

Tena leo nina jambo la kukiri. Ijumaa iliyopita niliwasomea maneno juu ya haki ya jirani. Mkatikisa vichwa kwa kuafiki. Mzee wetu mmoja safu ya mbele alitokwa na machozi, nilimwona. Watatu mkanifuata nje niwanakilishie. Maneno yale hayakuwa yangu. Ni ya sheikh wa msikiti wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye mwaka wa nne huu salamu yake hatuitikii.

Haya, nijibuni: bado ni kweli, au si kweli tena?