Umzomeaye Ana Mamaye

Umzomeaye ana mamaye. Ndivyo Bibi Mwanahawa alivyowaambia wajukuu zake alipowakuta sebuleni wameizunguka simu, wakiicheka picha ya mchezaji mpya wa timu yao. Mmoja akamuuliza, "Bibi, msemo huo umeutoa wapi?" Bibi akakaa mkekani, akakunja miguu, akasema: Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa mkonge, kandokando ya reli, paliondokea mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga. Watu walimwita Mama Zuhura, kwa jina la binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameolewa mbali. Karai lake lilikaa ubavuni mwa banda la mashabiki wa Radi, timu ya mji ule. Mashabiki walimpenda. Radi ikishinda walimtania na kumchezesha ngoma. Ikifungwa walikula kimya, naye akawaongezea kachumbari bila kuombwa. Lakini akishafunga biashara, alirudi kwenye chumba ambamo hamkuwa na wa kumpokea.

Mama huyu alikuwa na mwana pia, Bakari Shemdoe. Baba yake Bakari alipofariki, baba mdogo alimchukua mtoto akamsomeshe Songea, angali hajang'oa hata jino la utoto. Tangu hapo mama alimwona mara chache, tena misibani. Alimlea kwa simu: umekula, umelala, homa imepoa? Mtoto akakua, akawa mchezaji huko huko, na sauti yake ikawa nzito mama asijue ilibadilika lini.

Basi msimu mpya ulipokaribia, Bakari akapiga simu. "Mama, Radi wamenisajili. Narudi nyumbani. Ila usimwambie mtu mpaka watangaze wenyewe."

Siri ile ilimjaa kifuani. Siku ya kutangazwa majina alinunua mihogo mingi kuliko kawaida. Alikuwa ameazimia: jina likitajwa tu, atasimama aseme, "Huyo ni mwanangu," kisha awalishe wote bure.

Alasiri watu wakafurika bandani, redio ikafunguliwa. Akatajwa kipa mpya, wakashangilia. Akatajwa beki, wakarusha kofia juu. Kisha mtangazaji akasema, "Na mshambuliaji wa kati ni Bakari Shemdoe, kutoka Songea."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka.

"Nani?" akauliza Mbelwa, katibu wa tawi la mashabiki. "Shemdoe ndiye nani?"

"Garasa!" mwingine akadakia. "Msimu mzima kafunga mabao mawili!"

"Tumeomba straika, tumeletewa mzigo!"

Banda zima likazomea. Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega. Mbelwa akamwona Mama Zuhura amesimama na kijiko mkononi, akamuuliza kwa utani, "Au wewe wasemaje, mama yetu?"

"Mihogo imeiva," akajibu. Akakaa, akaendelea kuwahudumia.

Bakari alipofika na begi lake, mama alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha pale zamani. Walipokuwa wakila, mwana akauliza, "Mashabiki walisemaje waliposikia jina langu?"

"Walifurahi sana, mwanangu."

Bakari akatabasamu. Mama akageukia jiko, akaupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Tangu hapo akawa mtu wa katikati. Nyumbani alikaa na mwana asiyejua, na kazini na watu wasiojua. Alikuwa amezungukwa na watu, na hakuwa na wa kumwambia.

Mechi ya kwanza ilipobakiza siku moja, Mbelwa aliwakusanya mashabiki awafundishe wimbo. "Huyo garasa akigusa mpira tu, wote kwa pamoja: Rudi kwenu! Rudi kwenu!" Wakaanza kuimba na kupiga makofi.

"Amekwisha rudi," sauti ikasema kando ya banda.

Wakageuka. "Unasemaje, Mama Zuhura?"

"Nasema amekwisha rudi. Kwao ni hapa. Huyo mnayemzomea ana mama yake, na mama yake ni mimi."

Makofi yakakatika. Mbelwa akamsogelea. "Sasa mbona hukutuambia, mama yangu?"

"Niliinuka niwaambie. Mkaniwahi."

Akamwaga mafuta, akalifunga karai kwa kanga likiwa bado la moto, akaenda zake. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Asubuhi Mbelwa akabisha hodi kwake. Bakari alikuwa mlangoni akifunga viatu. "Kijana, nimekuja ku..." Akamwona mama nyuma ya mwanawe, akitikisa kichwa polepole. Mbelwa akabadilisha maneno. "Nimekuja kukukaribisha. Tawi zima linakungoja."

Bakari akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. "Ahsante, kaka. Mama aliniambia mlivyofurahi."

Mbelwa akainamisha macho.

Siku ile Bakari hakufunga. Tena alikosa bao la wazi, na mtu mmoja jukwaani akaanza kuzomea. Mbelwa akamshika bega. "Ndugu yangu, umzomeaye ana mamaye." Yule mtu akanyamaza. Neno likapita mdomo kwa mdomo, likatoka uwanjani, likaingia sokoni na majumbani.

Mama Zuhura alirudi kwenye karai lake. Lakini mashabiki hawakumtania tena. Walimwamkia kwa heshima na kushusha sauti, na kabla ya kumsema mchezaji yeyote walimtupia jicho kwanza. Utani ule wa zamani haukurudi, naye aliutamani kuliko walivyodhani.

Baada ya misimu miwili, timu ya mbali, kanda ya ziwa, ikamsajili Bakari, akaondoka. Siku ya kutangazwa kwake huko, Mama Zuhura alisikiliza redio akiwa chumbani peke yake. Jina la mwanawe lilipotajwa, nyuma ya sauti ya mtangazaji alisikia umati wa watu wa kule. Walikuwa wakizomea.

Huko hakuna aliyemjua. Hapakuwa na bega la kushika wala banda la kusimamia. Akajitanda kanga yake vizuri, kama mtu aliyejiwa na wageni, akawaambia wasioweza kumsikia:

"Umzomeaye ana mamaye."