Mwimbaji wa Ng'ambo

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwenye muwa ateme makapi, kimya kiingie.

Bwana Semkiwa, mwenye hoteli kubwa pale Pangani, alimfukuza mwimbaji wake Mwanakheri. "Nenda kaimbie kuku wako! Mimi nataka mwimbaji wa ng'ambo."

Wiki haijaisha, akatua bibi mmoja, kilemba kama mzinga wa nyuki, miwani nyeusi, hasemi ila "Bululu." Alipoimba, Bwana Semkiwa alilia mpaka makamasi. Mbio akampeleka kwa afisa wa vibali vya kazi.

"Kibali ni kwa kazi isiyowezwa na mwenyeji," afisa alisema.

"Wallahi, nchi nzima hakuna wa kuimba kama huyu! Mkataba huu hapa, miaka kumi. Nimetia sahihi, naye katia dole gumba."

"Haya, mama, pasi yako."

Bibi akavua miwani, akatoa kitambulisho cha uraia. "Pasi ya nini, mwanangu? Mimi Mwanakheri, nakaa nyuma ya soko la samaki."

Afisa akacheka, akaurudisha mkataba. "Bwana Semkiwa, huyu hahitaji kibali. Mlipe tu."

Jukwaa lile walilirithi binti zake Mwanakheri. Watoto wa Bwana Semkiwa walirithi kazi ya kuwapangia viti.