Nani Aliyempa Ndimbwa Uwanja?

Sogeeni karibu, maana hukumu ya leo mtaitoa ninyi.

Mjini Lumbwani waliishi watu watatu wenye vipaji. Anyigulile, karani mstaafu wa mahakama, aliijua sheria kuliko walioisomea. Siwatu, kiongozi wa ngoma ya kinamama, akiimba hata mgonjwa hujikongoja hadi mlangoni. Manoni, kocha wa riadha, humwona mtoto akikimbia mvua akajua huyu ni wa mbio.

Alikuwepo pia wakili Fulko Ndimbwa. Kipaji chake kilikuwa kufunga tai.

Katika kesi yake kubwa ya kwanza, Fulko alibaki kujifuta jasho. Anyigulile akamwandikia utetezi, neno kwa neno. Akausoma, akashinda, akaitwa simba.

Alipogombea ubunge, alizomewa. Siwatu akamtungia wimbo. Mji ukaucheza, kisha ukaupigia kura wimbo.

Akajipachika uenyekiti wa chama cha riadha, bila kujua hata kijiti hupokezwa vipi. Manoni akawanoa wasichana wanne, wakashinda dhahabu ugenini. Fulko akashuka kwenye ndege medali ikining'inia shingoni mwake.

Mwaka uliofuata, uwanja wa mazoezi ulizungushiwa mabati. Fulko alikuwa amempa shemeji yake ajenge ghala.

Wale watatu wakamwendea ofisini.

"Mheshimiwa, watoto watakimbilia wapi?" Siwatu akauliza.

"Barabara zipo," akajibu, macho kwenye simu. "Na wewe ni nani vile?"

Wakatoka nje. Wimbo wake mwenyewe ulimchoma Siwatu kama mwiba.

"Wewe ndiye uliyempa ulimi, mzee wangu," akamwambia Anyigulile.

"Nilimpa kesi moja tu, mwanangu. Wewe ulimpa mji."

"Mji ulishaanza kumchoka! Medali ya Manoni ndiyo iliyomrudisha."

"Medali ilikuwa ya watoto," Manoni akasema. "Kosa langu ni kunyamaza alipoivaa."

Malori ya mawe yakaanza kuwasili. Watu wakakusanyika, wakasema: "Tuko tayari kung'oa mabati. Lakini aliyetuletea mtu huyu atuombe radhi kwanza, kisha atangulie mbele."

Watatu wakatazamana.

Msiniambie aombe Fulko. Hata hiyo radhi ingebidi aandikiwe.

Je, ungekuwa wewe, ungemsimamisha nani?