Mgonjwa Aliyetibiwa na Chuo Kizima

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na vyuo vyao na vyeti vyao ukutani, Mwalimu Kifaru alikuwa na chuo kikuu cha uganga. Kusoma kwenyewe kulikuwa hivi: Kifaru anasimama na joho lake, anasema, wanafunzi wanaitikia. Sura arobaini. Mgonjwa hawamwoni hata mmoja mpaka watoke na vyeti.

"Tumbo gumu?"

"Upepooo!"

"Asiyesema?"

"Koo limezibaaa!"

Nyati na Kiboko waliitikia mpaka madirisha yakatetemeka, ndi ndi ndi! Pimbi, ambaye hata kwato la Nyati lilimfunika, alikaa nyuma akiuma midomo. Sura zilikataa kumkaa kichwani. Lakini kuondoka? Thubutu! Kwao majabalini mama yake aliteguka mguu. Mganga wa chuo hicho hicho akaja, akaimba sura ya baridi yabisi, asimuulize hata, "Mama, ulianguka?" Mguu umepinda mpaka leo. Pimbi aliapa atarudi kwao akiwa mganga anayeuliza.

Siku ya mtihani ikafika. Pimbi akasema sura mbili, ya tatu ikamtoroka.

"Kwi kwi kwi!" Kiboko akacheka. "We kadogo, rudi kwenu ukaote jua!"

"Kesho ufunge virago," akasema Kifaru.

"Sawa, Mwalimu. Ila nina mgonjwa. Mkimtibu, naondoka mwenyewe bila kusukumwa. Mkishindwa, nabaki, na kila asubuhi tunaanza na kisa cha mgonjwa, si na sura."

"Chuo changu kishindwe na mgonjwa mmoja?" Kifaru akanguruma. "Mlete sasa hivi!"

Pimbi huyooo, mbio mpaka bustani ya jikoni. Akachuma boga kubwa, akalivingirisha mpaka mkekani barazani, akalifunika kanga gubigubi.

"Huyu hapa. Tangu jana hajala, hajasema, hajageuka."

Nyati akapapasa juu ya kanga. "Tumbo gumu! Upepo! Sura ya kumi na moja!"

"Wapi! Si hasemi huyu? Koo limeziba," akasema Kiboko. "Sura ya ishirini. Leteni maji ya tangawizi!"

Wakayamimina palepale juu ya kanga, shwaaa!

Kifaru, ambaye macho yake mnajua hayaoni vizuri, akainama, akasikiliza, akagonga kwa pembe. Ko! Ko!

"Nyamazeni! Sura ya thelathini na tatu. Huyu ana mimba. Mapacha!"

"Una hakika, Mwalimu?" akauliza Pimbi.

"Kama nilivyo Kifaru!"

Pimbi akashika pindo la kanga. Fyuu!

Boga lile pale, linachuruzika tangawizi.

"Hongera, Mwalimu," akasema Pimbi. "Sijui nani atawanyonyesha."

Kifaru akafura. "Umetuhadaa! Hamna boga katika sura zangu!"

"Hamna, Mwalimu. Na mama yangu hayumo pia. Nimesema hajala, hajasema, hajageuka: kweli tupu. Nani kaniuliza huyu ni nani? Nani kamtazama uso?"

Nyati akakohoa. "Mimi... nilidhani anayeuliza ni yule asiyejua."

Kifaru alipumua kwa nguvu, puu! puu! Pimbi hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwisho yule mkubwa akavua joho, akaketi chini mkekani.

"Umeshinda, unabaki. Haya, huyo mama yako. Tueleze."

"Mama mtu mzima wa majabalini," akaanza Pimbi. "Mguu umevimba, hawezi kukanyaga." Akaishia hapo makusudi, akawatazama.

"Umevimba lini?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo.

"Alianguka?"

"Panauma wapi akiguswa?"

"Mfungeni gango la vijiti!"

"Ngoja wewe, kwanza tujue kama umevunjika au umeteguka!"

Weee! Wakaulizana, wakabishana, uji ukapoa jikoni hakuna aliyeukumbuka. Jibu wakalipata wenyewe, kwamba mguu umeteguka, bila sura hata moja kuimbwa.

"Kesho," akasema Kifaru akifuta jasho, "Pimbi, lete kisa kigumu kuliko hiki. Nami nitauliza wa kwanza."

Hadithi yangu naiweka chini hapa, wajukuu, na funzo lake ndilo hili: aliyesoma kwa kuuliza hutibu, aliyesoma kwa kuitikia huimba tu.