Ua la Unga Kizingitini

Hebu pigeni akilini picha ya kizingiti cha nyumba moja kule Pangani, alfajiri, jua halijachomoza. Mwanamke ameinama. Ana unga wa mchele mkononi, anauachia kidogo kidogo katikati ya vidole, nao unashuka mwembamba kama uzi. Ua linafunguka sakafuni.

Mwanamke huyo aliitwa Jamna. Mumewe, Mulji, alikuwa fundi saa mpaka miguu yake ilipopooza. Tangu hapo alibakiwa na kazi moja, kukaa kitini mlangoni na kutazama. Yeye hakuweza kuchora. Jamna naye, kwa kuwa aliinamia unga wake, hakuweza kuliona ua zima. Kila alipomaliza aliinua uso na kuuliza, "Limekaaje, Baba Hansa?" Mulji akijibu, "Limekaa," Jamna huenda jikoni kuchemsha chai, ameridhika.

Wahindu wa mtaa ule walichora kwa unga ili sisimizi na shomoro wapate riziki yao. Mulji alilijua hilo tangu utoto. Lakini alikuwa amekaa pale miaka mingi, na lile alilolitazama likamwingia mwilini. Akaanza kuhuzunika kila sisimizi walipobeba ua. Asubuhi moja muuza maziwa alipita juu ya ua, Mulji akashika kifua.

"Umenikanyaga!"

"Nimekukanyaga wapi, mzee? Miguu yako si hiyo hapo juu ya kiti?"

Majirani walicheka. Mulji hakucheka, na siku ile hakula.

Basi akaagiza kopo la rangi ya mafuta, akamsihi mkewe achore ua lisilofutika. Jamna akachora. Sisimizi walikuja, wakalizunguka, wakaondoka. Kesho yake Jamna alitoka na bakuli lake la unga, akakuta hana pa kuchora, akarudi ndani bila kuuliza kitu. Siku ya tatu Mulji hakuliona tena lile ua. Macho yake yalilipita kama yanavyoupita ukuta. Alichokiona ni ufa mdogo ulioanza kwenye rangi. Kila ulipozidi kurefuka, alihisi unarefuka ndani ya mbavu zake. Chakula kikamshinda kabisa.

"Mama Hansa," alisema, "napasuka."

Jamna akachuchumaa mbele ya kiti. "Inayopasuka ni rangi, Baba Hansa. Wewe ndiye unayeuona ufa."

Mulji akautazama ule ufa. Aliyakumbuka maua yote ya miaka ile, jinsi yalivyoishia matumboni mwa sisimizi. Na yule aliyeyaona yote alikuwa bado amekaa pale pale, hajabebwa hata chembe.

"Chai ipo?" aliuliza. "Na kesho toka na unga."

Alfajiri Jamna alichora juu ya ufa. Aliinua uso, akauliza limekaaje, akaambiwa limekaa. Muuza maziwa alipofika, akasita, akanyanyua mguu ili aruke.

"Pita tu, bwana," Mulji alimwambia huku akicheka. "Mimi niko huku kitini."

Walimu wa Kihindu humwita yule anayeona Purusha, yaani roho. Yule anayechora humwita Prakriti, yaani maumbile yote, pamoja na mwili huu, na mawazo, na hata huzuni yenyewe. Prakriti huchora ili aonwe. Purusha huona, ila husahau, akadhani yeye ndiye ua.

Wapenzi wangu, kitu mnachokipenda kitakanyagwa siku moja. Lieni mkitaka kulia. Nawaomba tu mkumbuke jambo hili moja: yupo ndani yenu anayeona, naye hajakanyagwa.